Kapu la Mfiwa

Mtumbwi ulikuwa umeshafika katikati ya mto, na kijiji chao cha Wenje kimeanza kujificha nyuma ya migomba, ndipo Rosina akakumbuka kwamba hawakubeba chumvi.

"Tumesahau chumvi," alisema.

"Siendi kula," akajibu mumewe.

"Hata aendaye kugombana hula, Baba Buya."

Kaviha alikuwa amesimama nyuma ya mtumbwi anasukuma upondo kana kwamba mto ndio uliomkosea. Mtu akishuka na Tana hana haja ya nguvu. Hukaa, akaongoza kwa kafi, akavuta tumbaku, akawasalimu walio kandokando. Kaviha alisukuma. Watu waliokuwa wakipalilia ukingoni walimwita kwa jina, naye akawapita kama mtu aliyezibwa masikio.

Aliokuwa akiwafuata walikuwa wamemtangulia kwa siku nzima: mdogo wake Danson, na mchuuzi wa samaki kutoka pwani aitwaye Thoya, pamoja na mitumbwi iliyosheheni samaki waliokaushwa kwa moshi. Garsen lilikuwako lori linawangoja. Mvua za mwezi wa nne zilikuwa zimekaribia, na kila mtu aliyepita njia ile miaka ya hamsini anajua kwamba mvua ikinyesha, udongo mweusi wa Garsen hushika gari kama mkwe mwenye madai. Lori lile likiwahi kutoka, samaki watafika Malindi. Lisipowahi, basi tena.

"Na ukiwakuta, utawafanya nini?" Rosina aliuliza. "Samaki wenyewe wameshakufa. Utawafufua?"

"Wakiuza mara hii watarudi," alisema Kaviha. "Wazee wa Wenje bado ni wengi, na wote watakufa. Kila kilio kitakuwa soko. Unataka Buya wetu akue akiliona ziwa tope tupu?"



Ziwa lenyewe linaitwa Kalota. Zamani lilikuwa kona ya mto; mto ukahama, ndiyo tabia yake, ukaiacha kona ile imelala msituni kama nyoka aliyejikunja. Limezungukwa na mikuyu, na mikuyu ile haikatwi. Tunda likiiva huanguka majini, na samaki wako chini wamepanua vinywa, kama kuku wanavyomzunguka mwenye mtama. Ukiukata mkuyu umewanyang'anya samaki sahani.

Kila mwaka mto ukianza kupungua, wazee wa gasa, ndilo baraza la Wapokomo, humwita mlinzi wa ziwa. Mlinzi huenda kwenye mfereji unaounganisha ziwa na mto, akauziba kwa uzio wa matete, kisha akafunga kuti la mkindu juu ya uzio. Basi, ziwa limefungwa. Hapana mtego wa mgono, hapana ndoana, hata mtoto hazamishi kikapu. Wafugaji hushuka na ng'ombe wao kwa njia moja tu, waiitayo malka, na wakulima hawapandi hata mgomba mmoja kwenye njia ile, iwe na rutuba namna gani. Yanapokuja mafuriko yakachukua mahindi, na njaa ikabisha hodi, ndipo ziwa hufunguliwa, watu wakala. Kalota ni ghala, isipokuwa ghala hili hujijaza lenyewe ukiliacha. Na mkono uliofunga ndio unaofungua. Mkono huo ulikuwa wa Kaviha, na kabla yake wa baba yake.

Iko siku moja nje ya mpango huo: siku ya kilio. Akifa mzee wa watu wa ziwa, mlinzi hufungua kuanzia jua kuchomoza hadi likae juu ya mikuyu. Wafiwa huingia na makapu yao, na samaki wote hupikwa uani kwa marehemu, wakaliwa palepale. Na wakubwa waliweka neno moja zaidi, kwa sababu ya adabu: mfiwa hachunguliwi kapu. Huwezi kumwuliza mtu mwenye msiba umetoka wapi na umechukua wangapi. Mwache alie, mwache ale.

Shangazi Alice alikufa mwezi wa tatu ukiwa unakwisha. Alibatizwa kwenye misheni ya Ngao akiwa msichana, akajua kusoma Biblia na kutukana kwa lugha tatu, na ndiye aliyewalea Kaviha na Danson mama yao alipofariki. Danson alitoka Garsen alikokuwa akitafuta kazi, akafika na machozi usoni. Yalikuwa machozi ya kweli. Hilo Kaviha hakulikana hata baadaye.

"Kaka, shangazi tumzike kwa maharage?" alisema Danson.

"Samaki wana mayai," alisema Kaviha. "Huu si mwezi wa kugusa ziwa."

"Yeye amechagua mwezi wa kufa?"

Kaviha alitazama uani, akawaona wageni wanaingia, wengine wametembea tangu alfajiri. Akaona aibu ya nyumba yake. Akaenda akafungua kuti kwa mkono wake mwenyewe, kesho yake jua lilipochomoza, akasimama mferejini anawapokea wafiwa kwa pole moja moja.

Wakaja watu asiowajua. Walisema pole, wakainamisha vichwa, wakapita. Mmoja alikuwa na kofia ya kiua na kanzu safi, sauti yake laini kama mafuta ya nazi. Huyo ndiye Thoya. Nyuma yake vijana sita walibeba kitu kirefu kilichoviringwa kwenye jamvi. Walipokifungua ukingoni, Kaviha akaona juya. Nyavu za pwani, zile zinazovutwa na watu pande mbili, zenye macho madogo kiasi kwamba hata kidole cha mtoto hakipiti. Kalota haikuwahi kuona juya tangu iwe ziwa.

Alikimbia kwa Mzee Gunga, mkuu wa gasa, aliyekuwa ameketi kwenye kiti chake cha ngozi karibu na jeneza.

"Mzee, wameingia na juya."

"Nani?"

"Wageni wa Danson."

"Wamekuja kulia?"

"Wanalia na juya?"

Gunga alipangusa pua polepole. "Mfiwa hachunguliwi kapu, Kaviha. Unalijua neno hilo kuliko mimi."

"Juya si kapu."

"Neno halikusema juya."

"Lingesemaje juya, na aliyelitunga hakuwahi kuona juya?"

"Basi subiri gasa ikae, tulizungumze. Leo tuna maiti."

Ukitaka kujua hasira ni nini, simama mahali umewekwa kulinda, kwa sheria uliyorithi, na sheria hiyohiyo ikufunge mikono. Kaviha alirudi mferejini akasimama. Juya lilipita ziwani mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Kambare wenye matumbo mazito walimwagwa ukingoni, na kamongo wanaojipinda, na vidogo visivyo na jina. Hakuna kilichorudishwa majini. Kisha akasikia shoka. Ng'ambo ya ziwa walikuwa wametengeneza vichanja vya kukaushia samaki, na kuni kavu hazikuwatosha. Mkuyu wa kwanza ulianguka na matunda yake. Kaviha alipovuka kwenda kuwazuia, Danson alimkuta njiani.

"Kaka, usituaibishe mbele ya maiti."

"Nani anaaibisha nani?"

"Ziwa hili limefungwa tangu enzi za babu," Danson alisema, "na babu alikufa bila viatu. Unalinda nini? Unalinda umaskini."

Uani walipeleka makapu mawili ya samaki, ili wasisemwe. Watu walikula, wakasifu. Siku tatu moshi wa mkuyu mbichi ulitanda kijijini, na watu wakakohoa wakidhani wanakohoa kwa majonzi. Siku ya nne mitumbwi iliondoka. Siku ya tano Kaviha akaingia wa kwake, na Rosina akaingia bila kuitwa.

Usiku ule walilala kijijini Mnazini kwa jamaa wa Rosina. Kaviha hakugusa chakula, na wenyeji wakakasirika, maana chakula kilikuwa kizuri na chumvi ilikuwamo. Asubuhi, wakishuka tena, Rosina alisema lile alilolibeba tangu Wenje.

"Kuti ulilifungua wewe."

"Nilimfungulia shangazi."

"Ulifungulia sifa. Uliogopa waseme nyumba ya Kaviha ilizika kwa maharage. Danson alijua unaogopa hilo, akakushika hapo hapo. Mimi ningekula maharage."

Upondo uligonga ubavu wa mtumbwi kwa nguvu, wakayumba. Hakumpiga, wala hakuwa mtu wa kupiga. Alisukuma tu mpaka paa za bati za Garsen zilipoonekana, na juu ya bati zile wingu jeusi kama sufuria ya matanga.

Lori lilikuwa limesimama mbele ya maduka, nusu limepakiwa. Mafurushi ya samaki yalikuwa yamefungwa kwenye majamvi ya mkoma, na harufu yake ya moshi ilifika mtoni kabla ya watu. Dereva, Msomali mrefu aitwaye Issack, alikuwa akikaza kamba huku akilitazama wingu. Kando yake Hibo, mwanamke aliyeuza maziwa pale kila siku na kusema atakalo, alikuwa anapanga vibuyu vyake.

Danson alimwona kaka yake anapanda ukingo na upondo mkononi, akacheka kidogo.

"Kaka, umekuja kunisindikiza?"

"Shusha," alisema Kaviha.

"Nini?"

"Kila kilichomo. Shusha."

Thoya alitoka kwenye kivuli cha duka, mkono kifuani. "Mzee Kaviha. Pole tena kwa msiba. Keti, tuagize kahawa. Mambo hayazungumzwi wima."

"Ulikuja kwetu kuiba."

"Nilialikwa. Nimekuja kilioni, na nimelia. Walioniona nikilia ni wengi." Vijana wake wakaangua kicheko. "Wewe mwenyewe ulinipa pole mferejini, mzee. Mwizi hupewa pole?"

Kaviha aliinua upondo. Rosina alimshika kiwiko kwa vidole viwili tu, na upondo ukashuka. Lakini Issack alikuwa ameacha kukaza kamba.

"Kilio gani?" aliuliza.

"Achana nao," alisema Danson. "Mambo ya nyumbani. Funga, mvua hiyo."

"Mimi nauliza kilio gani. Hawa samaki wametoka kilioni?"

Basi Kaviha akasema, kwa sauti iliyowatoa wenye maduka nje. Akasema ziwa lilivyofungwa, na lilifunguliwa kwa ajili ya nani, na kwamba samaki wa siku ile ni wa kulisha waliokuja kumzika bibi mmoja mzee, wala hawatoki uani. Alisema mpaka povu likamkauka midomoni. Rosina yeye alichomoa kambare mmoja kutoka kwenye furushi, akamvunja katikati ya tumbo, akamweka juu ya ubao wa lori. Mayai yalikuwa yamekauka ndani, meusi kwa moshi, yakamwagika kama mchanga.

Hibo alisogea akatazama. "Ng'ombe mwenye mimba kwetu hachinjwi," alisema. "Hata mlevi anajua."

"Mama, uza maziwa," Danson alimwambia.

"Nauza. Lakini sadaka siuzi."

Neno hilo liliangukia mahali pake. Watu walianza kulirudia kila mmoja kwa lugha yake, na wapakizi wawili waliokuwa juu ya lori wakashuka wakijifuta mikono.

Issack alimsogelea Danson. Hakuwa na hasira. Alikuwa na wasiwasi, kama mtu anayesikia injini inagonga. "Wewe, kijana. Mimi nabeba ngozi, nabeba mahindi, nabeba mpaka askari mlevi. Sadaka ya maiti sibebi kwa nauli. Gari likilala porini na kitu kama hicho juu, nitamwambia nani? Sasa wewe apa. Huyo bibi anaitwa nani?"

"Alice," alijibu Kaviha.

"Apa kwa jina lake hawa samaki hawakuvuliwa kwa ajili yake. Apa tu, mimi nafunga kamba, tunaondoka."

"Kuapa ni neno tu," Thoya alimnong'oneza Danson, lakini kila mtu alisikia. "Apa, twende."

Danson alifungua kinywa. Shangazi alimbeba mgongoni akiwa na surua, akavuka naye maji ya kiunoni kumpeleka hospitali ya Ngao. Habari hiyo waliijua ndugu wawili tu pale, na wote wawili walikuwa wanaiwaza.

"Siwezi," alisema Danson.

Issack alifungua kamba. Thoya alimpandishia nauli, akapandisha tena, sauti bado laini. Issack alishusha mafurushi mwenyewe, moja baada ya jingine, akayaweka chini kwa adabu, kama mtu anayeshusha wagonjwa. Kisha akapakia abiria na ngozi zake, akawasha gari akaenda. Matone ya kwanza yaligonga bati za maduka lori likiwa bado linaonekana.

Sasa yalikuwa yamebaki mafurushi chini, na watu wamezunguka. Palikuwa na wenye njaa pale. Mwaka ule haukuwa mzuri kwa mtu yeyote. Hibo ndiye aliyesema tena.

"Sadaka haiuzwi, lakini huliwa. Gawa, mzee. Mvua inakuja. Kila mtu achukue wake amwombee huyo bibi."

Watu waliitikia. Mama mmoja alikuwa ameshatandika kanga chini.

"Hapana," alisema Kaviha.

"Hapana nini?"

"Samaki wa kilio huliwa uani kwa marehemu. Ndivyo neno lilivyosema. Hawaliwi Garsen."

"Uani kwa marehemu ni safari ya siku tatu kupanda mto," alisema Rosina, "na mvua hii. Wataoza kabla ya Mnazini. Baba Buya, wape watu wale."

"Neno halikusema Garsen."

Rosina alimtazama mumewe usoni. "Haya," alisema. "Umekuwa Gunga."

Aliposikia hivyo Kaviha alipanda juu ya mafurushi akasimama na upondo wake kama alivyosimama mferejini, ila safari hii hakuna wa kumzuia. Alikuwa ameshindwa kuwalinda samaki wakiwa hai. Sasa aliwalinda wafu, kwa hasira ileile yote, na hakuna aliyethubutu kusogeza mkono. Mvua ikashuka. Yule mama alikunja kanga yake. Hibo alibeba vibuyu, akapita karibu naye, akasema bila kumtazama, "Wewe na yule mwenye juya mmefanana. Yeye hakumwachia mtu, na wewe humwachii mtu."

Mvua ilinyesha siku hiyo na zilizofuata. Majamvi ya mkoma yalivimba. Kwanza ulikuja ukungu mweupe, kisha funza, kisha mbwa, kisha hata mbwa wakaacha. Mwishowe wenye maduka walimlazimisha Kaviha, naye pamoja na mdogo wake, bila kusemezana, waliyakokota mafurushi mpaka ukingoni wakayasukumia mtoni. Mamba walikula. Njia ya Malindi ilifungwa mpaka mwezi wa saba.

Thoya alirudi kwao kwa miguu na mashua, hasara tupu, akaingia biashara ya minazi. Hakuja tena mtoni. Juya lake alilisahau Kalota, na wanawake wa Wenje walilikata vipandevipande wakafungia mabanda ya kuku.

Danson hakurudi Wenje. Alipata kazi ya kuvuta kamba ya kivuko cha Garsen, akanunua viatu, akaoa hapohapo.

Issack aliendelea kupita njia ile mpaka lori lilipomfia.

Mafuriko ya mwaka ule yalichukua mahindi, na ziwa lilipofunguliwa lilitoa makapu machache ya vidagaa. Wenje walikula mizizi ya yungiyungi. Mtoto wa mwisho wa Kaviha na Rosina, msichana, alikufa katika njaa hiyo. Alizikwa kwa maharage ya kuazima.

Gasa ilikaa. Wanawake waliingia bila kuitwa wakakaa nao. Neno lilibadilishwa: kapu la mfiwa huchunguliwa, na kilio kikiangukia mwezi wa mayai, ziwa halifunguliwi kwa yeyote. Mzee Gunga alilipinga. Alikufa mwaka wa pili, mwezi wa nne, akawa mzee wa kwanza kuzikwa bila samaki wa Kalota.

Kaviha alivuliwa ulinzi. Hakubisha. Walichagua walinzi wawili, Rosina kwa upande wa wakulima, na Elmi Gure, mfugaji, kwa upande wa wale wa malka, na kuti likawa halifunguki mpaka mikono yote miwili iwepo. Mikuyu iliyokatwa mingine ilichipua kwenye visiki, mingine haikuchipua. Kambare walionekana tena baada ya mafuriko ya tatu, kamongo baadaye sana.

Kaviha aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alilima, akasuka migono, akauza. Hakula samaki tena, na alipoulizwa sababu alisema hana njaa.